Prosesa kutoka Kabambare

Kompyuta yangu ina umri mkubwa kuliko wateja wangu wengi. Ndiyo inayolisha duka langu la kuchapa barua na kupiga fotokopi hapa Kasongo, lakini ilifika mahali mteja anamaliza kula muhogo wake wa kuchoma kabla ukurasa haujafunguka. Muuzaji mmoja wa Kabambare, anayebomoa mashine zilizokufa na kuuza vipande, akanipigia simu kwamba amepata prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye kasi zaidi, ya kukaa katika mashine kama yangu. Aliyekubali kunibebea ni kijana wa pikipiki aliyekuwa akimchumbia binti yangu.

Sikumpenda kijana yule. Alikuwa mpole mno, na mtu mpole mno mimi humwangalia mara mbili.

Niliifunga prosesa mwenyewe. Nikatoa ya zamani, nikaweka mpya, nikapaka dawa nyeupe ya kupozea, nikarudisha feni na kuwasha. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nikachomoa vibao vya kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa kifutio cha shule. Cheusi. Nikabadilisha betri ndogo. Cheusi vilevile. Mwishowe nikarudisha prosesa ya zamani, na mashine ikaamka ikiguna kama kawaida yake. Mashine ilikuwa nzima, basi. Mgonjwa alikuwa huyu mgeni.

Nikampigia muuzaji.

"Mama, ile kitu ilikuwa muzima," alisema. "Niliiwasha mbele ya ule kijana, akaona ekrani inawaka, na macho yake."

Kwa hiyo ilitoka Kabambare nzima, ikafika kwangu maiti, na katikati alikuwepo mtu mmoja tu. Nikaona yote: ameuza yangu njiani, kaniletea takataka. Na huyu ndiye wa kupewa mtoto wangu?

Kwetu mama mkwe hasemezani na mkwe uso kwa uso. Akija anasimama mbali, nami nageuza macho, na maneno hupitia kwa mtu mwingine. Sikuweza kumkalisha nikamhoji. Nikamtuma shangazi wa binti yangu kwa wazee wake na swali moja: prosesa yangu ameiuza wapi? Asipojibu, habari ya ndoa imekwisha.

Jibu halikuja. Binti yangu akaacha kula na mimi. Nikajiambia kwamba kijana amenyamaza kwa sababu hana la kusema, na nikafurahi kidogo kwamba nilimjua mapema.

Nilipotaka kumrudishia muuzaji kitu chake, nilikipeleka kwanza mlangoni penye jua nikichunguze. Chini ya prosesa ile kuna miguu midogo mingi, kama ya jongoo. Kati ya miguu kulikuwa na kitu cheupe kimekauka. Nikakikwangua kwa sindano, nikanusa. Sabuni ya kufulia.

Nikamwita binti yangu, nikamwonyesha.

"Ni yeye aliiweka mu sabuni," alisema bila kuniangalia. "Ku barieri ya barabara askari wanapekua kila mufuko, na kitu ya ordinatere, ya kompyuta, wanaikamata. Alipasua sabuni katikati, akaingiza ile miguu ndani ili isipinde, akafunika na kipande ya pili. Kufika hapa akaipangusa."

"Na sababu gani haukuniambia?"

"Mama, haukuuliza namna aliibeba. Uliuliza kwenye aliiuza."

Niliisafisha kwa mswaki na alkoli, taratibu, nikaiacha ikauke, nikaifunga tena. Kioo kikawaka, na ukurasa ukafunguka kabla sijakaa vizuri kitini. Nilifurahi, halafu aibu ikanishika mpaka masikioni. Nikamtuma shangazi tena, safari hii na kuku na maneno ya kuomba radhi. Wazee wakapokea kuku, wakasema ndoa iko palepale.

Juma lililofuata kijana alikuja kuleta mchele kutoka kwa mama yake. Hakusimama mbali kama inavyotakiwa. Alikuja mpaka mlangoni, macho chini, akaweka mfuko wake mbele yangu na kuufungua. Akatoa mchele, akatoa koti la mvua, akatoa funguo za pikipiki, akavigeuza nje hata vifuko vya suruali yake, kila kitu akakipanga chini kama anavyofanya mbele ya askari. Nikamwambia binti yangu amwambie inatosha. Binti yangu akauchukua mchele, akaingia nao ndani bila kumfikishia. Kijana akabaki amesimama, mikono wazi, akisubiri mama mkwe amalize kupekua.