Oili Juu ya Tairi Jipya

Kule Majengo mjini, fundi hakurudishii pikipiki yenye tairi jipya kabla ya kuling'arisha. Anachovya kitambaa kwenye kopo la oili chafu, anapaka mpira mpaka unakuwa mweusi tititi, kisha anarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Wateja wanapenda. Hata mimi nilipenda.

Fundi aliyenifungia tairi la nyuma ni rika langu. Nilitoka kwake asubuhi, mvua nyepesi ikianza, nikapanda kuelekea nyumbani Uru. Kwenye kona ambapo udongo mwekundu huteremka barabarani kutoka mashamba ya kahawa, gurudumu la nyuma likaondoka kama limeitwa na mtu. Nikaangukia bega, mfupa ukavunjika.

Mfupa uliunga. Neno ndilo halikuunga. Waendesha bodaboda wa kijiwe kilicho mbele ya banda lake walipomuuliza habari zangu, alicheka: "Mwalimu? Alipitia mbege kwanza huyo!" Wananiita Mwalimu kwa sababu nasoma kila karatasi ninayoikuta, ingawa niliishia darasa la saba. Pombe hiyo ya ndizi niliiacha kabla sijaoa. Jumapili moja, baada ya ibada, mzee wa kanisa alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama ningependa kuombewa niache pombe. Mke wangu alikuwa amesimama karibu. Alisikia.

Siku hiyohiyo nikaanza kujiandaa.

Mkono ukiwa umefungwa shingoni, nilisoma kitabu cha maelekezo cha pikipiki, kisha kila nilichopata kuhusu matairi. Nilijifunza kwamba tairi jipya hutoka kiwandani na utando laini unaoteleza, na utando huo huisha kwa kuendeshwa taratibu siku kadhaa, bila kulaza pikipiki kwenye kona wala kubana breki ghafla. Kutoliendesha hivyo lilikuwa kosa langu, nimelikubali. Lakini juu ya utando ule yeye alikuwa amepaka oili.

Bega lilipopona nilinunua tairi la mbele, nikasubiri siku ya mvua, nikampelekea fundi yuleyule.

"Karibu Mwalimu! Leo hujapitia kilabuni?" Kijiwe kizima kikacheka. Nami nikacheka.

Alilifunga vizuri, mikono yake sina ubaya nayo. Kisha akachukua kopo. Sikumzuia. Alipomaliza, nilimnyooshea ufunguo mbele ya wote.

"Lijaribu. Nenda mpaka msikitini, kata kona, urudi. Kwa mwendo wa kawaida."

Alitazama lami iliyolowa. "Mimi ni fundi, bwana. Si dereva."

"Pikipiki uliyojia asubuhi si ile pale?"

"Panda, fundi!" mmoja wa bodaboda akapaza sauti. "Au nawe umepitia mbege?"

Safari hii hawakunicheka mimi. Fundi alishika ufunguo, akaweka mguu mmoja, akaushusha. Halafu akasema, polepole, "Ngoja kwanza niifute hii oili."

"Kwa nini uifute?"

Akainama kutafuta kitambaa.

"Kwa nini, fundi?"

"Inateleza."

"Hawajasikia wale wa nyuma."

"Nimesema inateleza!"

Alichuchumaa na ndoo ya maji ya sabuni, akasugua tairi langu kwa brashi. Nilisimama juu yake nikimwonyesha kwa kidole kila palipobaki weusi, hata pale ambapo hapakubaki. Sijutii.

Kwa siku nne nililizoeza tairi lile barabara ya tambarare, Rau hadi Mabogini na kurudi, nikiongeza mwendo kidogo kidogo. Siku ya tano nikapanda Uru kwenye mvua, nikapita kona ile, nikageuka, nikaipita tena.

Jumapili nilimtafuta mzee wa kanisa. Nilimsimulia yote kwa utaratibu, mke wangu akiwa kando yangu. Akaniomba radhi, akauliza afanye nini na yale maombi aliyokwisha kuniombea.

Nikamwelekeza banda la fundi, na saa ambazo kijiwe hujaa.