Injini Aliyoiuza Bolti

Mtaa mzima ulimwita baba yake Bolti kwa jina la Dereva, na uliendelea kumwita hivyo hata miaka sita baada ya kuachana na usukani. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa na pikapu moja tu, ya dizeli, na kwa pikapu hiyo alihamisha nusu ya watu wa mtaa: vitanda vyao, magodoro yao, na mara mbili tatu wake zao waliokuwa wanarudi kwao kwa hasira. Hakuwahi kumsimulia mtu nani alirudi kwao na nani alirudishwa. Ndiyo maana watu walimpenda.

Kisha presha ya macho ikamwingia polepole, ikianzia pembeni kwenda katikati, naye akakaa nayo kimya karibu mwaka mzima. Mkewe alipouliza kioo cha ubavuni kimevunjwa na nani, alijibu kwamba watu siku hizi hawajui kuegesha. Siku ya mwisho alipeleka makabati mawili ya mwalimu mmoja upande wa pili wa mji. Aliporudi, akiingiza gari uani kinyumenyume, alipita juu ya beseni la nguo na kigoda ambacho mkewe alikuwa amekikalia dakika moja kabla. Akazima gari, akashuka, akamtia mkewe ufunguo mkononi. Akasema amestaafu. Mkewe akaokota vipande vya kigoda.

Pikapu ikabaki palepale ubavuni mwa nyumba. Matairi yaliuzwa yakiwa bado yana maisha, yenyewe ikapandishwa juu ya matofali, na kuku wa jirani wakapata pa kutagia.

Binti yao alikuwa mmoja, na jina la Bolti alipewa na baba yake akiwa na miaka minne, kwa sababu kila nguo zake zilipofuliwa, mifukoni zilitoka bolti na nati. Alipofika miaka ishirini na miwili alikuwa anashona viti vya magari kwenye karakana moja, akilipwa kwa kila kiti, mikono yake inanuka gundi kuanzia asubuhi. Siku moja wakiwa mezani akasema ataifufua ile pikapu. Mama akauliza kwa pesa ipi. Bolti akasema kwa pesa ya kidogo kidogo, na kwa kuwa maishani hajaona pesa ya namna nyingine, hakuona kuna la ajabu.

Baba yake aliacha kula. Kwa wakati huo macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Akasema, "Injini usiwe na wasiwasi nayo. Injini ile ni nzima kuliko mimi. Bodi tu ndiyo imechoka."

Wakaanza na bodi. Kila siku Bolti asipokuwa kazini walikuwa wawili pale ubavuni mwa nyumba, yeye na tupa na brashi ya waya, baba na kipande cha msasa. Mzee alipitisha vidole juu ya bati kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la mtoto, akisimama pale ambapo kutu ilikuwa imejificha chini ya rangi. Akimwonyesha Bolti sehemu aliyoiruka, alimuuliza hayo macho yake mawili yana kazi gani, na wote wawili walicheka mpaka mama akachungulia dirishani.

Vitu vilinunuliwa kimoja kimoja. Mwezi wa taa haukuwa mwezi wa breki. Mlango wa kushoto ulitolewa kwenye gari lililopinduka, nao ulikuja na rangi yake nyekundu. Kiti Bolti alikishona mwenyewe kwa mabaki ya karakana, ya rangi tatu zisizopatana. Kila kitu alimweleza baba yake, naye baba aliyapokea maneno yake akayatumia kama macho. Wageni wakija aliwatoa nje, akawaonyesha kwa kidole: hapa tumeweka kijivu, kijivu cha moshi, si kile cha sementi, mlango ule bado mwekundu lakini utapakwa. Aliongea kama mtu aliyeona. Hakuwahi kumuuliza mtu wa pili kama ni kweli.

Ilimchukua Bolti mwaka mmoja na nusu. Siku ambayo pikapu ilisimama tena juu ya matairi yake, akaivutisha hadi gereji ya fundi mmoja waliyemwita Kimya, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Kazi ilikuwa ndogo: kusafisha injini, kubadilisha mikanda, kuiwasha.

Siku ya tatu Kimya alimpigia simu aje. Injini ilikuwa imefunguliwa, imelala mezani. Akamwonyesha kwa bisibisi ufa uliopita kwenye bloku, kile chuma kikubwa cha injini, na pistoni mbili zilizoshikana na silinda zake.

"Hii ilichemka, dada," akasema. "Ikaendeshwa hivyohivyo, na ilipozimwa ikashikana. Nani aliiendesha mara ya mwisho?"

 Bolti aliuona akilini mshale wa joto umelala kwenye nyekundu, na mtu nyuma ya usukani asiyeuona, akitoka upande wa pili wa mji na pikapu tupu. Baba yake hakujua. Tangu siku ile hakuiwasha tena, akaamini ameacha kitu kizima, kwamba yaliyoharibika ni macho yake peke yake.

Kimya alisema injini ile haitengenezeki, au ikitengenezeka, kwa pesa ambayo si ya binti anayeshona viti. Lakini alikuwa na injini ya petroli ya gari dogo lililogongwa nyuma, pamoja na gia zake, na angeifunga kwa bei ambayo Bolti angeiweza, ikiwa ataiuza ile ya zamani kwa muuza vyuma chakavu. Bolti akaomba siku moja ya kufikiri. Kesho yake injini ya baba yake ikawekwa kwenye mizani.

Nyumbani alisema injini inasafishwa. Mama alimfuata jikoni, akamtazama, naye akamweleza yote.  Mama akasema kwamba mzee ameshapoteza vya kutosha, na kwamba asiyeona haimdhuru kutojua jambo moja zaidi. Wakakubaliana hivyo, wote wawili kwa kumpenda.

Wiki tatu zile Dereva alikuwa mtu mwingine. Alimtuma Bolti kwa fundi na maagizo: amwambie asiilazimishe asubuhi, ina kikohozi chake, ikikohoa mara mbili inaamka yenyewe. Alikiiga kikohozi hicho mezani. Bolti akasema atamfikishia, na siku ya pili akasema amemfikishia.

Pikapu ilirudi saa nne asubuhi. Bolti alikuwa ameandaa maneno: kwamba fundi ameirekebisha sana, kwamba sauti imekuwa laini. Akaizimia barabarani, yeye na jirani wakaisukuma hadi uani, ili baba aisikie ikiwashwa mwanzo hadi mwisho. Dereva alitoka amevaa shati lililopigwa pasi. Akaishika boneti, akaweka viganja vyote viwili juu yake na kumwambia binti yake awashe.

Ikawaka mara moja, kwa sauti nyembamba, bila kukohoa.

Alisimama hivyo kwa muda, kichwa kimeinama upande. Kisha akaondoa mkono mmoja, halafu wa pili.

"Zima," akasema. Bolti akazima. "Hii ni petroli. Injini yangu iko wapi?"

Maneno yote aliyoyaandaa hayakumsaidia hata moja. Akasema ameiuza. Baba akauliza kwa nini. Akasema ilikuwa imekufa.

"Imeuliwa na nini?"

Bolti alimtazama mama yake aliyekuwa mlangoni, na mama akatazama chini. Hapo ndipo mzee alipojibu mwenyewe, taratibu.

"Ilichemka. Siku ile ya makabati." Akatafuta ukingo wa pikapu, akauegemea. "Nilisikia harufu. Nikadhani ni lami, walikuwa wanatengeneza barabara."

"Baba, hukujua."

"Sikujua. Na wewe ulijua tangu lini?"

Akamwambia. Mzee akazihesabu wiki zile kimoyomoyo, midomo ikicheza, na Bolti akajua anayakumbuka maagizo yote aliyomtuma kwa fundi, na kile kikohozi alichokiiga mezani wakati wao wawili wakimtazama.

"Gari ni chuma," akasema mwishowe. "Ungeniambia, ningekubali iuzwe. Ningeenda kuishika tu kabla hawajaibeba." Kisha akasema lile ambalo Bolti hajaweza kulisahau. "Mimi macho sina, mwanangu. Nilichobaki nacho ni kuambiwa."

Akaingia ndani. Kwa desturi alishika kiwiko cha binti yake, lakini siku hiyo alifuata ukuta.

Mchana uleule Bolti alikwenda kwa muuza vyuma chakavu. Alikuwa na pesa ya kiti alichokimaliza siku iliyotangulia, na alikuwa tayari kuomba deni la iliyobaki. Yule mtu alimkumbuka. Akamwambia lori lilishachukua kila kitu wiki iliyopita, na vile vizito huvunjwa kwa nyundo kwanza ili vipakike. Bolti alirudi nyumbani, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akamweleza hivyohivyo, hadi ile nyundo. Mzee akasema asante kwa kwenda. Alisema kwa upole kabisa. Laiti angefoka.

Hakuwahi kufoka. Alikuwa mpole kama mpangaji. Asubuhi Bolti akimwambia mawingu yamekuwa mazito, alisema sawa, kisha akatoa mkono dirishani kujua kama kuna unyevu. Akimwambia chai imepoa, aligusa kikombe kwa ncha ya kidole. Wageni wakija hakuwatoa nje tena. Jirani alipomsifia kwamba binti ameitengeneza pikapu vizuri, aliuliza, bila ubaya wowote, kama kweli ni ya kijivu. Mama naye alionja uchungu huohuo. Siku moja Bolti alimkuta akilia juu ya shati ambalo mzee alimuuliza mara mbili kama lina doa.

Pikapu ikafanya kazi. Bolti aliacha kushona viti, akaanza kubeba mizigo kama baba yake alivyobeba, na wateja wa zamani wakamrudia kwa sababu ya jina la mzee. Aliiendesha mtaa baada ya mtaa. Jioni aliweka sehemu ya mapato kwenye kiganja cha baba yake, akitaja kila noti, naye baba alizipitisha mezani hadi kwa mkewe azitazame.

Miezi minane ilipita kabla mzee hajapanda. Ilimlazimu: daktari wa macho alitaka kumwona, jicho moja lilikuwa linamuuma, na mama alikuwa kitandani na homa. Bolti alimfungulia mlango. Akapanda mwenyewe, akakalia kile kiti, akapitisha mkono kwenye mishono. Akasema mishono imenyooka. Bolti alilishika neno hilo kama mtu aliyepewa maji.

Njiani aliendesha taratibu, akimwelezea kila kitu kama zamani: hapa wamejenga ghorofa, pale soko limehamishwa, sasa tuko kwenye njia panda ya shule, taa ni nyekundu, tunasubiri. Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akatafuta mkono wa kioo, akakizungusha hadi chini na kutoa kichwa nje kidogo. Pembeni ya barabara alikuwepo mama mmoja anayeuza machungwa.

"Samahani, mama," akamwambia. "Hapa ni wapi?"

"Njia panda ya shule, baba," yule mama akasema.

"Asante."

Akakipandisha kioo. Taa ikageuka kijani. Bolti aliona barabara imepotea kwenye maji ya macho yake, akayafuta kwa mkono wa gauni, akaingiza gia, akaendelea kuendesha. Hakumwambia baba yake kwamba analia, na baada ya mita chache akaona hilo nalo hapaswi kumficha.

"Ninalia, baba," akasema.

Mzee alinyoosha mkono, akamgusa shavuni, akahakikisha. Kisha akaurudisha magotini, na wakaenda hivyo hadi hospitali.