Petroli Iliyochacha

Gari la mume wangu halikufa. Naanza na hilo kwa sababu Kisauni nzima iliambiwa kuwa limekufa, na mimi ndiye niliyelizika kwa ulimi wangu.

Lilikuwa lori dogo la kijani. Hamdun alilitumia kubebea nazi na ndizi, akivuka daraja la Nyali alfajiri, akauza Marikiti na kurudi adhuhuri. Siku ya mwisho kuliendesha alirudi mapema akitetemeka kwa homa, akaliingiza chini ya banda la makuti ubavuni mwa nyumba, tangi limejaa kwa safari ya kesho yake. Kesho hiyo haikuja. Aliugua miezi mitano, akafa mwaka wa sitini na moja, masika yalipoanza. Mimi nikaingia eda.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Hutoki, hujipambi, hujitii manukato, huonekani na mwanamume asiyekuwa maharimu wako. Wenye moyo wa kutulia husema ni mapumziko. Mimi si mtu wa kutulia. Nilitembea kutoka kitandani hadi dirishani mpaka sakafu ya udongo ikafanya njia. Kuku wakipanda juu ya boneti nilijua. Makuti yakivuja nilijua. Nilikuwa na watoto watatu, na kitu pekee cha kuwalisha kilikuwa kimesimama hatua sita kutoka nilipolaza kichwa.

Mwezi wa nne wa eda akaja Jamaludin, mdogo wake marehemu, pamoja na wanaume wawili wa kusukuma na fundi mmoja. Fundi huyo alikuwa Kahindi, Mgiriama mwenye kibanda cha kutengeneza magari kando ya njia ya Malindi. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza.

Walipiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele. Gari likakohoa. Wakapiga tena, likakohoa kidogo, kisha kimya. Nikasikia kifuniko cha tangi kikifunguliwa.

"Imechacha hii," akasema Kahindi.

"Imechacha nini?"

"Nusa mwenyewe, bwana. Imelala mno."

Upande wetu, siku zile, neno hilo likitoka kinywani mwa Mgiriama lilikuwa na maana moja tu: tembo la mnazi, likigemwa asubuhi ni tamu, jioni limechacha. Jamaludin akapaza sauti ili nisikie.

"Shemeji, fundi wetu huyu hata ndani ya tangi ananusa tembo. Jana kalala kwa mgema, leo anatafuta la kuzimua."

Wale wawili wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Wallahi nilicheka, kicheko changu cha kwanza tangu Hamdun atiwe kaburini. Nikasikia Kahindi akikifunga kifuniko.

Jamaludin akaja mlangoni. "Shemeji."

"Abee."

"Gari limekufa. Injini imeganda. Kuliacha hapa ni kufuga kutu."

"Halitengenezeki?"

"Labda litiwe injini mpya, nawe injini utaitoa wapi? Niachie nilivute, usije ukalitazama kila siku likakuzidishia msiba."

"Haya, lichukue," nikasema.

Maneno mawili. Wakalisukuma hadi njiani.

Siku niliyotoka eda nilioga, nikavaa buibui, nikaenda hadi barabarani bila shughuli yoyote, ila miguu ilitaka njia. Nikaliona lori la Hamdun likitokea upande wa darajani, limejaa magunia, likipiga honi yake ile inayolia kama bata. Jamaludin alikuwa nyuma ya usukani. Hakupunguza mwendo.

Alikuwa akikaa Likoni kwa mke wake mpya. Siku iyo hiyo nikavuka daraja, nikavuka na feri, nikamkuta barazani kwake. Akanijibu kwa upole kuwa ametia injini mpya. Nilitaka kumwamini. Mtu akidhulumiwa hupenda kwanza kumwamini aliyemdhulumu, maana njia ya pili ni ndefu. Lakini usiku kucha sikulala, na kulipokucha nilikuwa kwa Kahindi.

Alikuwa amelala chini ya gari la mtu, miguu nje.

"Hodi, fundi. Mimi ni mjane wa Hamdun."

Miguu ikatulia. Akatoka, mtu mwembamba wa makamo, akifuta mikono kwa tambara.

"Ile injini mpya uliitia wewe?" nikamuuliza.

"Injini gani, mama?"

Akaingia kibandani akatoka na chupa mbili. "Nusa hii, nimeinunua jana." Ilinipiga puani mpaka machozi yakanilenga. "Na hii niliitoa kwenye tangi la bwana wako, naoshea vyuma." Ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, ikinuka kama vanishi ya kabati kuukuu, na ndani yake mna uchachu.

"Petroli nayo hulala," akasema. "Ule ukali unaoshika moto huruka kwanza, tena kwa joto letu hili. Kinachobaki ni kizito, kikikaa sana hufanya ulimbo kikaziba kabureta. Niliimwaga yote, nikaosha, nikatia mpya. Hata adhuhuri haijafika, likanguruma. Injini ni ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

Akaiziba chupa taratibu. "Nilikwambia, mama. Ukacheka."

Nilimwomba aje aseme hayo mbele ya wazee. Jamaludin alikuwa mteja wake. "Siku gani?" akauliza.

Maalim Salem, imamu wa msikiti wetu, aliwakusanya wazee barazani kwake. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya pazia.

"Shahidi gani huyu?" akasema Jamaludin. "Mlevi wa tembo."

"Baba yangu alikuwa mgema," Kahindi akajibu, "ndiyo maana pua yangu inajua kitu kilichochacha. Mimi nilibatizwa Rabai. Tangu hapo tembo sijaonja."

"Basi uko peke yako," mzee mmoja akamtania, watu wakacheka. Mimi sikucheka. Miaka yote nilipita kibandani pake nikishika pua, na mtu mwenyewe hanywi.

"Mastura mwenyewe alisema lichukue," akasema Jamaludin. "Wapo waliosikia."

Nikasema kutoka nyuma ya pazia: "Shemeji aliniomba maiti, nikampa maiti. Lile linalopiga honi darajani sikumpa."

Maalim Salem akakohoa. Wazee wakaamua gari lirudi bandani kwangu na lisiendeshwe na mtu yeyote, mpaka kaka mkubwa wa Hamdun na Jamaludin aje kutoka Lamu ashuhudie mgawanyo wa urithi.

Jamaludin akalileta mwenyewe, tangi pomoni. "Nimekujazia, shemeji, usije ukasema nimekudhulumu." Akatabasamu, nami nikalielewa tabasamu lile. Alikuwa amejifunza somo la Kahindi kabla yangu. Alitaka life kweli, mikononi mwangu.

Siku ya pili Kahindi aliinyonya petroli yote kwa mpira, akaitia magari ya wateja wake kabla haijalala. "Usijaze tangi," akaniambia. "Lipe kidogo kidogo kama mtoto mchanga, mbichi kila mara, na linywe limalize." Akanionyesha kupiga hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, la sivyo ikirudi nyuma itakivunja.

Kaka wa Lamu alisema atakuja mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwaka. Hapakuwa na mwanamume wa kumhimiza. Barazani walikuwa wakibishana Mwambao utakuwa wa Sultani au wa Kenya, na gari la mjane halikuwamo katika mazungumzo hayo. Nilihangaika baina ya nyumba ya huyu na ya yule, nikaambiwa subira, subira. Wanaoagiza subira huwa wamekwisha kula.

Lakini kila Ijumaa baada ya adhuhuri nilitia chupa moja ya petroli mbichi, nikajifunga leso kiunoni, nikapiga hendeli. Gari lilinguruma mpaka likamaliza chupa yake, likazima. Wazee walisema lisiendeshwe. Hawakusema lisingurume. Siku moja hendeli ilirudi ikanitegua kifundo cha mkono. Kisimani wanawake walisogea nikifika.

"Mastura siku hizi anajifukiza udi wa petroli."

"Mwacheni, keshapata mume wa chuma."

Nikateka maji yangu. Afadhali walinicheka hapo kisimani kuliko kupanda feri kwenda kumwambia Jamaludin.

Mwaka wa sitini na tatu, wiki chache kabla ya bendera kubadilishwa, habari ikaja kuwa kaka wa Lamu amefariki. Alhamisi moja asubuhi Jamaludin akafika na Maalim Salem, na mnunuzi wa chuma chakavu mwenye mnyororo begani.

"Tulimalize, shemeji," akasema. "Liuzwe chuma, kila mtu achukue haki yake. Tangi lile nililolijaza limelala humo miaka miwili. Imechacha." Neno lile lile, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Imechacha, shemeji?" nikasema. "Haya, tungoje kidogo."

Nikaingia ndani. Hendeli nilikuwa nikiiweka chini ya kitanda, na chupa ya kesho ilikuwa tayari. Nikaimimina, nikajifunga leso mbele yao, nikapiga mara moja. Likakohoa. Jamaludin akamtazama mwenye mnyororo. Nikapiga mara ya pili, na kuku wote waliokuwa juu ya boneti wakaruka.

Nikaliacha lingurume. Kisha nikaingiza mkono dirishani, nikapiga honi ya Hamdun.

Maalim Salem akangoja mpaka chupa ikaisha na kimya kikarudi. "Jamaludin," akasema, "wewe uliomba maiti. Hapa hapana maiti. Watoto wa nduguyo waachie riziki yao."

Mwenye mnyororo akauviringisha, akaondoka kabla ya Jamaludin.

Watu huniuliza kama nimemsamehe. Sijamsamehe. Kahindi ndiye niliyetaka kumwomba radhi. Alikuja jioni ile kulitazama gari, nikaanza kusema kuhusu siku ile ya mlangoni, nikashindwa kumaliza. Akafungua kifuniko cha tangi, akainamisha pua.

"Haijalala," akasema, akakifunga.