Bastola Iliyosuguliwa

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la silaha za kale hapa London, nikisubiri jambia la marehemu baba lithaminiwe. Mbele yangu kaketi mzee wa Kiingereza aliyeleta bastola ya jeshi la Wajerumani, ya karne ya kumi na tisa. Pembeni yake mama wa Kipemba anayemhudumia nyumbani, ambaye tulikwisha kusalimiana kwa Kiswahili, amemshikia kikombe cha chai, maana mikono ya mzee inatetemeka hata kijiko hakikai.

Mthamini akageuza bastola kitako juu, akaitazama kwa lenzi, akapitisha ukucha. Alama za kikosi zilizogongwa pale, ambazo wakusanyaji huzitafuta kuliko bastola yenyewe, zilikuwa zimefutika nusu.

"Nani ameisugua hii?" akauliza.

Yule mama akaniinamia. "Mimi, dada'angu," akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Kwa waya wa masufuria. Niliona kutu nikaona haya, watasema mzee ana mtu nyumbani na vitu vyake vichafu. Leo kazi sina."

Ningefanya hivyo hivyo. Kwetu hakuna aliyefundishwa kwamba uchafu nao hutunzwa.

Mama akaweka kikombe chini ili akiri. Mzee akamwahi.

"Nimeisugua mimi," akasema. "Wiki nzima, kila jioni."

Mthamini akaitazama ile mikono iliyokuwa ikitetemeka juu ya kaunta. Kisha akainama kwenye fomu yake, akaandika huku akisoma kwa sauti, bila kutabasamu: "Imesafishwa na mwenyewe."