Daftari la Nishati la Tonton Dominique

Tonton Dominique hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa mtumishi wa maabara yetu ya kemia chuoni Kisangani, mzee wa Isangi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na katika miaka ile ya vita kazi yake ilikuwa moja tu: kukaa mbele ya kompyuta na kunakili nishati.

Ngoja nieleze. Mimi nilikuwa natafuta shahada yangu kwa kuigiza ndani ya kompyuta jinsi molekuli ya dawa ya malaria inavyotikisika ndani ya maji. Kila baada ya hatua kadhaa, mashine iliandika nishati ya kundi zima la molekuli. Nishati ikitulia, kazi ni nzima. Ikiyumba ovyo, kazi imekufa. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa imeungua na hesabu zake zote, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: profesa akaagiza kila namba inakiliwe pia kwa mkono. Tonton akanakili, kwa kalamu ya bluu, bila kulalamika hata siku moja.

Nilimpenda sana mzee yule, na macho yake yalinitia huruma. Basi mwishoni mwa Mei ya mwaka 2000 nikaandika programu ndogo ya kupitia mafaili yenyewe na kutoa nishati peke yake, kama mama anavyochuja mawese na kuacha makapi. Kazi ya miezi ikaisha kabla chai haijapoa. Nikajiona mwerevu kupita Kisangani nzima.

Lakini programu ilitoa mistari 4,120, na jumla aliyoiandika Tonton daftarini ilikuwa 3,870. Hasira zangu mimi zinakaa mlangoni, hazingoji kuitwa. Mbele ya wanafunzi wote nikasema, "Tonton, mistari mia mbili na hamsini iko wapi? Ulikuwa unasinzia?"

Akavua miwani, akanitazama.

"Chimène, mutoto yangu, mi naandika tu ile naona."

Akachukua kofia yake na daftari lake, akaenda zake nyumbani, mtaa wa Tshopo. Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa.

Jumamosi nikagundua ujinga wangu. Umeme wa bwawa la Tshopo, courant kama alivyouita Tonton, ulikuwa ukikatika kila mara. Ukirudi, kompyuta ilianzia pale ilipohifadhi mara ya mwisho, ikaandika upya hatua zilezile. Programu yangu ilizihesabu mara mbili. Tonton, kila umeme ukirudi, alichukua rula, akazikata kwa mstari zile alizokwisha kuandika, kisha akaendelea; nilikuwa nikimwona, sikuwahi kuuliza kwa nini. Hakuna aliyemfundisha. Na mimi nilikuwa nimemwita msinziaji.

Kwetu ukimkosea mzee mbele ya watu, unamwomba radhi mbele ya watu, tena huendi mikono mitupu. Jumapili nikanunua kambare wawili wanene, wale tunaowaita ngolo, nikawafunga kwenye majani na kuwachoma, liboke safi, niende nalo kesho yake. Jumatatu asubuhi majeshi mawili ya kigeni yakaanza kurushiana mabomu juu ya vichwa vyetu.

Siku sita. Nililala chini ya meza pamoja na jirani yangu Germaine na watoto wake, na lile liboke tulilila siku ya kwanza. Kila bomu lililopita lilielekea Tshopo, au ndivyo nilivyolisikia mimi. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mzee yule asife akiwa na neno langu moyoni. Majuto ni mjukuu, lakini yule wa kwangu alikuja mbio.

Jumapili mizinga iliponyamaza nikatembea hadi Tshopo, mikono mitupu. Nyumba ya Tonton ilikuwa imepoteza nusu ya paa. Mwenyewe alikuwa ameketi uani kati ya majirani, miwani imebaki na kioo kimoja. Nikapiga magoti palepale, nikasema kwa sauti ili wote wasikie.

"Tonton, hesabu yako iko ya kweli. Ni mimi nilikosa. Unisamehe, papa."

Alivuta daftari kutoka ndani ya mfuko wa unga wa muhogo, akaandika mstari mmoja, akapuliza wino, akanipa. Nilidhani anataka kunionyesha zile hatua alizozikata. Lakini chini ya nishati ya mwisho palikuwa na tarehe za Juni, moja moja, kwa kalamu ileile ya bluu:

"5 juin. Courant hapana. Habari ya Chimène hapana."

"6 juin. Courant hapana. Habari ya Chimène hapana."

Siku zote sita zilikuwa hivyo, hakuruka hata moja. Mstari wa saba ulikuwa bado mbichi:

"11 juin. Courant hapana. Chimène iko."