Rangi Haikuwa Imekauka, Dada Yangu Akasukumwa kwa Mkokoteni

Mwenye hii page, jina langu likae kwako tu. Mimi ni mama wa miaka themanini na nane, naishi Lanet, hapa karibu na Nakuru, na mzee wangu. Anayeniandikia ni mjukuu wangu wa kike kwa sababu macho yangu hayaoni simu. Nimemwambia aandike vile ninasema, asipake sukari. Watu husema mtu akizeeka hasira inaisha. Yangu bado iko.

Niliolewa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, tukakaa Nakuru kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Bwana yangu alikuwa fundi. Siku moja akaja na gari kuukuu ikivutwa na trekta kutoka shamba la mzungu upande wa Njoro. Ilikuwa imelala bandani miaka mingi, kuku wanataga ndani. Chini ya milango kutu ilikuwa imekula mpaka unapitisha mkono. Majirani walicheka sana. Mimi sikucheka, nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilimpenda huyo mtu.

Akienda kazini, mimi ndiye nabaki na hiyo gari. Nilikwangua kutu kwa kisu, halafu nikasugua na msasa mpaka bati ikang'aa. Kucha zangu ziliisha. Nikikohoa, natema vumbi jekundu. Yeye akitoka kazini anakata mabati ya madebe, anayapiga nyundo juu ya gogo mpaka yakubali umbo la mlango, kisha analehemu mimi nikishikilia. Viti nilishona mimi. Injini ilipokubali, akaazima pampu ya kupulizia ng'ombe dawa ya kupe, akapuliza rangi ya kijani. Gari ilipendeza, siwezi kudanganya.

Wakati huo mdogo wangu, nitamwita Rosa, alikuwa kwangu akingoja kuzaa mtoto wake wa kwanza. Bwana yake alikuwa safarini na treni. Rangi ilipulizwa leo, kesho yake asubuhi uchungu ukamshika. Saa sita mchana mama mmoja jirani, aliyekuwa mkunga, akatoka chumbani mikono ina damu. Akaniambia, "Huyu mtoto amekaa vibaya. Mpelekeni hospitali, na iwe sasa hivi."

Nilikimbia nje. Bwana yangu alikuwa anazunguka gari akifukuza nzi wasitue kwa rangi.

"Baba Yohana, washa gari! Rosa anakufa!"

"Rangi haijakauka."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Rangi haijakauka, Mama Yohana. Barabara ni vumbi tupu. Na huyo mtu anavuja damu, viti vitakuwaje? Tafuta mkokoteni."

Nilipiga magoti pale kwenye mchanga. Nikamwambia nitashona viti vingine. Nikamwambia nitakwangua gari yote upya, peke yangu. Akaniuliza, "Kwani mama yako alikuzaa kwa gari?" Akatia ufunguo mfukoni.

Tulimlaza Rosa juu ya magunia kwenye mkokoteni wa jirani muuza makaa, tukasukuma watu watatu. Njia ilikuwa ya kupanda. Kila jiwe likigonga gurudumu alipiga nduru. Halafu akanyamaza, na hapo ndipo niliogopa. Tulipofika hospitali, mtoto alitolewa amekufa. Alikuwa mvulana. Rosa aliambiwa hatazaa tena, na mwaka haukuisha bwana yake akamrudisha nyumbani, akaoa mwingine. Nikamchukua mimi. Tunaishi naye mpaka leo, na watoto wangu wote yeye ndiye aliwabeba mgongoni.

Bwana yangu hakuwahi kusema pole. Jumapili iliyofuata alienda kanisani na hiyo gari, watu wakaizunguka wakimsifu. Mimi nilitembea kwa miguu, na sijawahi kuipanda hata siku moja. Mtaniuliza kwa nini sikumwacha. Ningeenda wapi na mtoto, nyakati zile za hali ya hatari ya mkoloni, mtu akisimamishwa njiani bila karatasi anatupwa ndani?

Baadaye gari ilioza tena nyuma ya nyumba, nikafurahi. Sasa wajukuu wameitoa, wanaisugua kutu na kuiziba wakiimba. Mwezi ujao babu yao anafanyiwa sherehe ya shukrani kanisani, na wanataka afike nayo, mimi nimeketi kando yake nimevaa nguo mpya.

Jumapili iliyopita tulipomaliza kula, mzee akaanza kuwasimulia. "Hii gari ndiyo ilikuwa ambulensi ya mtaa. Kina mama wangapi nilikimbiza hospitali wakajifungua salama!" Wajukuu wakapiga makofi. Mmoja alikuwa anamrekodi ili rekodi ichezwe kanisani siku ya sherehe. Rosa alikuwa ameketi hapo hapo na kikombe chake cha chai. Akakiweka chini, akasema kuku hawana maji, akatoka.

Nilimfuata. Nikamwambia siku ya sherehe nitasimama mbele ya watu wote niseme ukweli, nimuaibishe vile alituaibisha. Rosa akanishika mkono. "Dada, ukisema, hawatamwangalia yeye. Wataniangalia mimi. Nimechoka kuangaliwa."

Nikamuuliza, "Na mtoto wako?"

Akasema, "Mtoto wangu mimi namjua."

Huyu mjukuu anayeandika amesimama kidogo kupangusa macho. Ananiambia hata yeye alipiga makofi.

Nikinyamaza, ule uongo utaingia kanisani na watu watauitikia amina. Nikisema, nitamuumiza mtu yule yule aliyeumizwa. Nyinyi mnaosoma, wakubwa kwa wadogo, nipeni shauri: mngekuwa mimi, mngefungua mdomo ama mngeufunga?