Kashe ya SSD na Besi ya Bihambwe

Mke wangu anaongoza kwaya ambayo hakuna hata mmoja anayesoma noti. Watu hujifunza kwa sikio. Yeye hurekodi kila sauti peke yake, na rekodi zote zinakaa nyumbani kwetu Masisi, ndani ya kisanduku cha diski ambacho mafundi hukiita NAS. Jumapili baada ya misa waimbaji hujaa uani, wanaunganisha simu na wifi yetu, na kila mmoja anavuta sehemu yake.

Uvutaji wenyewe ulikuwa wa kobe. Mwaka huu mke wangu alichagua nyimbo mpya za misa ya Pasaka, ngumu, na waimbaji wa besi karibu wote wanatoka Bihambwe. Wakikawia kwetu, mvua ya alasiri inawakuta kilimani, ambako pikipiki ikiingia kwenye tope huacha kubeba watu, watu wakaibeba wao. Na wakiondoka mikono mitupu, Pasaka haina besi.

Nikajitolea kuiokoa Pasaka. Nina shahada, tena nimesoma sana maandishi ya watu ambao umeme wao haukatiki. Nilimweleza mke wangu kwamba diski zetu za kuzunguka ni kama mtunza ghala mwenye goti bovu. Tukimwekea mbele SSD ndogo, diski ya kasi isiyozunguka, iwe kashe, vitu vinavyoombwa mara kwa mara vitakaa karibu na mlango. Alinisikiliza kwa uvumilivu uleule anaoupa mahubiri marefu. SSD ikapanda kutoka Goma mfukoni mwa shemeji, nikaifunga mwenyewe bila kuvunja kitu. Nalitaja hili kwa sababu nyumbani hakuna aliyelitaja.

Jumapili iliyofuata ukurasa wa NAS ulinionyesha maajabu: karibu kila ombi lilikuwa linajibiwa na SSD, diski za zamani zimepumzika. Nikatoka uani kupokea pongezi. Simu zilikuwa zinajikongoja vilevile kama wiki iliyopita.

"Papa, SSD yako iko nakimbia," mke wangu akasema, "lakini mulango njo ile ile moja."

Alikuwa amesema kweli. Simu zote zile zilipita kwenye ruta moja chakavu inayorusha wifi yetu, na mbele ya ruta kashe haina la kufanya. Sikuwa nimeiwazia ruta hata kidogo. Haikuwa na taa nzuri.

Mawingu yakaanza kushuka. Mke wangu hakuitazama tena mashine. Alimwita mwimbaji wa besi aliyetangulia kupata rekodi, akamwomba aipige kwa sauti ya juu, na wenzake wakamzunguka, simu zao bado zinasubiri. Akawapigia mapigo kwa kiganja. Kwanza walisikiliza tu. Kisha wakavumisha, midomo imefumbwa. Kufikia wimbo wa Utukufu, niliisikia besi katika mbao za kibaraza nilichosimamia. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi, na bado nilisahau kufunga mdomo.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mtengeneza jibini mwenye kifua kipana. Simu yake iliganda nusu ya njia, naye akaizima.

"Acha tu, Mama," akamwambia. "Nimeisha kuishika kwa kichwa."

Wakaondoka kabla ya tone la kwanza.

Watu huniuliza kama SSD ilisaidia. Ilisaidia: faili la picha zetu za zamani, maelfu ya picha ndogondogo, likifunguliwa mara ya pili linajaza kioo kabla sijakaa vizuri. Lakini kwa umati wa simu kwenye ruta moja, hapana.

Siku ya Pasaka besi iliingia mahali pake, na mtengeneza jibini aliimba macho yakiwa kwa mke wangu tu. Baada ya misa nilijitolea kumvutia ile nusu iliyobaki. Akanijibu kwa upole kwamba nafasi ile kwenye simu ameshaijaza picha za ng'ombe.